Mama yuko Voi, ploti iko Kitengela: je, Marekani itakunyima kibali cha usalama?

Kila kijana wa Kikenya au wa Kitanzania aliyeko Marekani anapopata ofa ya kazi kwa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi, au anapojiunga na jeshi na kupangiwa kitengo kinachoshika mambo ya siri, ushauri humiminika kwenye makundi ya WhatsApp. Usiandike ndugu wote. Ploti ihamishie jina la shangazi. Pumzika kwanza kutuma pesa, wasije wakasema una maslahi nje. Pasipoti ya nyumbani ichome.

Wanaoshauri hivyo wana nia njema. Lakini ushauri wenyewe unamfanya mtu mzima aogope kumpigia mama yake simu, na papo hapo unamsukuma kwenye kosa linaloweza kumharibia kweli: kuidanganya serikali kwa maandishi na kutia sahihi chini yake. Kwa hiyo tuanze na yale ya msingi.

Kibali cha usalama ni uamuzi wa serikali ya Marekani kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa kuona au kushika taarifa za siri. Ngazi zake ni tatu. Ya chini inahusu taarifa ambazo zikivuja taifa litadhurika. Ya kati, litadhurika sana. Ya juu, litadhurika kupita kiasi. Huwezi kujiombea kibali hiki kama unavyoomba leseni ya udereva. Ni lazima iwepo idara ya serikali, au mwajiri mwenye mkataba na serikali, anayekuhitaji uwe nacho. Na ni lazima uwe raia wa Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani, anaweza kuingia jeshini, lakini kibali hapati mpaka awe raia. Kwa asiye raia kuna ruhusa finyu tu, inayotolewa kwa nadra na kwa sababu maalumu.

Mwaka 1988, katika kesi ya Wizara ya Jeshi la Majini dhidi ya Egan, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Katika kesi ya jinai, shaka humnufaisha mshtakiwa. Katika kibali, shaka ikibaki baada ya kila kitu kupimwa, huamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa. Ndiyo maana mtu asiye na kosa lolote anaweza kunyimwa, na kunyimwa kwake hakumaanishi kwamba ameonekana mhalifu au msaliti.

Fikiria afisa mikopo wa SACCOS. Anapokukalisha kitini hakuulizi kama wewe ni mtu mwema. Anataka kujua ni kitu gani kinaweza kukufanya ushindwe kulipa, hata kama nia unayo. Mtathmini wa kibali anafanya hesabu ya aina hiyo: yupo nani, au kipo nini, kinachoweza kutumika kukubana mpaka ukatoa siri, hata kama unaipenda Marekani kwa moyo wako wote? Ukilishika swali hilo, maswali mengine yote ya fomu yataanza kukueleweka.

Fomu yenyewe inaitwa SF-86. Ni ndefu na inachosha. Inataka makazi, kazi, safari, ndugu, fedha na mengine mengi, mengi yake kwa miaka saba au kumi iliyopita, na mengine tangu uzaliwe. Ukishaijaza, uchunguzi hufanywa, kwa sehemu kubwa na idara iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi inayojulikana kama DCSA. Mchunguzi anaweza kukaa nawe uso kwa uso, akazungumza na majirani na waajiri wako, akavuta taarifa zako za mikopo. Baadaye mtathmini hupima yote kwa kutumia mwongozo uitwao SEAD 4, ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Una vigezo 13, na vitatu ndivyo vinavyowagusa zaidi watu wetu: ushawishi wa kigeni, yaani ndugu na mali zilizoko nje, kuegemea nchi nyingine, ambako ndiko suala la uraia na pasipoti linakoingia, na hali ya fedha.

Ndugu

Tuseme kuna dada mzaliwa wa Voi. Ameishi Minnesota miaka mingi, amekuwa raia, ameolewa, ana watoto wawili na nyumba anayoilipia mkopo. Kampuni moja ya mifumo ya kompyuta inamtaka. Mama yake mjane yuko Voi. Kaka yake ni askari polisi, Nakuru. Kila mwezi dada huyu hutuma dola 200, mama huzitoa kwa M-Pesa, na huzungumza naye kila Jumapili. Ana ploti Kitengela aliyoinunua kwa shilingi laki nane.

Fomu inamtaka aorodheshe wazazi, wakwe, ndugu wa tumbo moja, ndugu wa mzazi mmoja, watoto, na wazazi wa kambo au walezi kama wapo. Kwa kila asiye raia wa Marekani ataulizwa wanawasiliana kwa njia gani, mara ngapi, ndugu huyo ameajiriwa na nani, na kama ana uhusiano na serikali, jeshi au vyombo vya usalama vya nchi yake. Kwa hiyo kaka polisi ataandikwa kuwa ni polisi. Kumwandika "mfanyabiashara" kwa sababu pembeni anafuga kuku ni uongo.

Baba mdogo, shangazi na binamu hawamo katika orodha hiyo. Hapo ndipo fomu ya Kimarekani inapokutana na familia zetu na kuleta mkanganyiko, maana kwetu aliyekulea huenda ni mama mkubwa. Sehemu inayofuata inauliza juu ya mgeni yeyote ambaye katika miaka saba iliyopita umekuwa na mawasiliano naye ya karibu au ya kuendelea, na ambaye mnafungwa na upendo, ushawishi, maslahi au wajibu. Mama mkubwa unayempigia kila wiki anaingia hapo. Binamu wa kundi la ukoo, ambaye mara ya mwisho mliandikiana "pole" kwenye msiba, haingii. Hakuna anayetaka majina ya watu 180 wa kundi la WhatsApp.

Sasa mtathmini anamwonaje dada wa Voi? Ana mama anayempenda, hilo halina ubishi, na mtu anaweza kubanwa kupitia mama. Lakini mwongozo unamtaka mtathmini apime pia upande wa pili: ndugu hao ni akina nani, wanafanya kazi gani, wako nchi gani, na mwombaji amejikita kiasi gani Marekani. Mume, watoto, nyumba, kazi na miaka ya kulipa kodi ni uzito kwenye mizani. Kaka polisi anaongeza swali moja, hafungi mlango. Kwa hali kama hii, iliyoandikwa wazi, mtathmini ana sababu nzuri za kuona kwamba hatari iko chini.

Nchi nayo ina uzito wake, na tusidanganyane kwamba zote zinapimwa sawa. Mwenye wazazi China, Urusi au Iran hubeba mzigo mzito zaidi, kwa sababu serikali hizo zinajulikana kwa kuwinda siri za Marekani na zinaweza kumfikia ndugu yeyote zinapotaka. Kenya ni mshirika. Rais Biden aliipa hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO mwaka 2024. Lakini mtathmini haangalii serikali peke yake. Anaangalia pia makundi yenye silaha. Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, Januari 2020 wakaua Wamarekani watatu, kwa hiyo ndugu anayeishi karibu na mpaka wa Somalia atazua maswali ambayo wa Voi hazui. Ndugu zetu Wakongo wenye wazazi Goma au Bukavu wanaijua hali hii vizuri zaidi: miji hiyo iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, na mtu anaweza kubanwa kupitia mama yake na watu ambao hata si serikali. Ni uchungu kwamba msiba uliokukimbiza nyumbani unageuka kuwa swali dhidi yako. Ndivyo kipimo kilivyo, na ni afadhali mtu aende akijua.

Ploti, chama na ile dola 200

Fomu inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Jibu la karibu kila mtu wetu ni ndiyo. Andika ndiyo, taja nani na kiasi gani. Kumtunza mzazi si doa. Mtathmini anapima ukubwa wa pesa hizo dhidi ya kipato chako, na kama zina maelezo yanayoeleweka. Dola 200 za chakula na dawa za mama zinaeleweka. Dola 9,000 kwa mtu ambaye huwezi kueleza mnahusianaje, hizo hazieleweki.

Juu ya mali isiyohamishika, swali ni pana kuliko watu wanavyodhani. Linamhusu pia mwenzi wako na watoto wanaokutegemea. Halikomei kwenye ulichonacho leo. Linauliza kama umewahi kumiliki, na kama unatarajia kumiliki au kununua. Shamba la ukoo ambalo baba ameshasema hadharani kuwa ni lako linaingia. Halafu kuna swali jingine kuhusu maslahi ya nje ambayo mtu mwingine anayashika kwa niaba yako. Hapo ndipo mbinu ya kuhamishia jina la shangazi inapokufa. Kwa Watanzania jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mtu mzima akichukua uraia wa Marekani anapoteza wa Tanzania, na kwa miaka mingi sheria ya ardhi ya Tanzania haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Wengi wamewaachia ndugu viwanja kwa sababu hiyo halali kabisa. Sababu hiyo hiyo ielezwe kwenye fomu, kwa maneno machache, na itaeleweka kuliko ukimya.

Thamani ndiyo huamua uzito. Ploti ya laki nane mbele ya nyumba, akiba ya uzeeni na mshahara vilivyoko Marekani ni kitu kidogo, na mwongozo unakubali wazi kwamba mali ya nje inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba haiwezi kumyumbisha mtu. Mwenye majengo matatu ya kupangisha Mombasa na chumba cha kupanga Maryland yuko katika hali tofauti. Maisha yake ya kifedha yako upande wa huko, na ataulizwa hivyo.

Kuna mtego ambao nauona hauzungumzwi vya kutosha. Mkazi au raia wa Marekani mwenye akaunti za fedha nje ya nchi ambazo kwa jumla zilizidi dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka anatakiwa kutoa taarifa Wizara ya Fedha ya Marekani kila mwaka, na si akaunti yenye jina lake tu, hata ile ambayo yeye ni mtia sahihi. Mweka hazina wa chama cha kuchangiana fedha chenye akaunti Nairobi, anayetia sahihi hundi za wenzake huku akiishi Texas, anaweza kuwa anadaiwa taarifa hiyo bila kujua. Hilo ni jambo la kurekebisha mapema kwa msaada wa mhasibu, kabla halijajitokeza kwenye uchunguzi kama sheria iliyopuuzwa.

Kisha madeni. Hapa tatizo si la kigeni hata kidogo, na bado ndilo linalowaangusha watu wengi, wazawa na wahamiaji. Fomu inauliza juu ya madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120, kodi zisizolipwa, kufilisika, kamari. Hofu ni kwamba mwenye kamba shingoni anaweza kununuliwa. Hofu hiyo ina historia. Aldrich Ames wa CIA, aliyekamatwa Februari 1994, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa amezama kwenye madeni; baadaye alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa pesa taslimu na kuendesha Jaguar, kwa mshahara wa mtumishi wa umma. Mwaka uliofuata Rais Clinton alitia sahihi amri ya kukaza masharti ya vibali. Tangu enzi hizo utajiri usioelezeka nao huulizwa kama deni.

Deni peke yake halimalizi mchezo. Mwongozo unatofautisha lililotokana na ugonjwa, kufiwa, talaka au kupoteza kazi na lile la kujitakia, halafu unaangalia umefanya nini baada ya hapo. Mwenye mpango wa kulipa na risiti za miezi kadhaa yuko pazuri. Aliyeacha kulipa kadi za benki Marekani ili apandishe ghorofa Rongai atapata tabu kujieleza, kwa sababu alichagua.

Pasipoti

Ushauri wa kuchoma pasipoti una mzizi. Kabla ya 2017, mwombaji mwenye pasipoti ya nchi nyingine kwa kawaida alitakiwa kuisalimisha. Wazee waliopitia utaratibu huo bado wanausimulia kana kwamba ni wa leo. Kwa SEAD 4, kuwa na uraia wa nchi mbili peke yake hakukuondoi. Raia wa Marekani anatakiwa atumie pasipoti ya Marekani anapoingia na kutoka Marekani, na asifiche uraia wake mwingine. Fomu inauliza kama umewahi kupewa pasipoti na nchi nyingine, hata kama muda wake umekwisha. Mtanzania aliyepoteza uraia wake wa kuzaliwa bado ataitaja ile ya zamani iliyolala kabatini.

Wanaoona Marekani inatukomoa kwa maswali haya wasome Ibara ya 78 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili, lakini ibara hiyo inawazuia wanajeshi na maofisa wengi wa dola kuwa nao. Wasiwasi ni ule ule, na masharti ya Kenya kwenye jambo hili ni makali zaidi.

Je, wageni ndio wasaliti?

Dhana hii inawaumiza watu, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Ames alizaliwa Wisconsin. Robert Hanssen wa FBI, aliyekamatwa Februari 2001 baada ya kuwauzia Warusi siri kwa miaka mingi, alizaliwa Chicago. Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa kijeshi aliyeitumikia Cuba hadi alipokamatwa Septemba 2001, alikuwa raia tangu kuzaliwa, binti wa daktari wa jeshi la Marekani, na alikuwa na dada na kaka waliofanya kazi FBI. Hakuna kati yao aliyefikia hapo kwa sababu ya mama mzazi aliyeko ng'ambo. Wawili waliingia kwa pesa, mmoja kwa imani yake ya kisiasa. Upande wa pili nao upo: Agosti 2023 alikamatwa mkandarasi wa serikali mzaliwa wa Ethiopia kwa kosa la kuipelelezea nchi ya nje. Hatari ya kigeni si ya kubuni. Lakini asili ya mtu haitoshi kuitabiri, na ndiyo maana mwongozo unamtaka mtathmini apime maisha ya mtu yote.

Kinachoharibu bila huruma ni uongo. Kuficha jambo muhimu kwenye SF-86 ni kosa la jinai linaloweza kukufunga hadi miaka mitano, na hata usiposhtakiwa, kigezo cha uaminifu kinasimama peke yake. Kaka polisi aliyeandikwa ni swali la dakika kumi. Kaka polisi aliyefichwa, akagunduliwa, anafanya kila jibu lako jingine litiliwe shaka. Tena uchunguzi siku hizi hauishi ukipewa kibali. Zamani mwenye ngazi ya juu alichunguzwa upya baada ya takribani miaka mitano. Sasa kumbukumbu za mikopo na za polisi hufuatiliwa mfululizo kwa kompyuta, na mwenye kibali anatakiwa kuripoti mwenyewe safari za nje na uhusiano mpya wa karibu na wageni.

Ukiwa umeshajaza vibaya, rekebisha kabla hujaulizwa. Mwongozo unalitambua hilo waziwazi kama jambo la kukutetea. Ukisubiri mpaka mchunguzi akuwekee ushahidi mezani, utetezi huo umeshakuponyoka.

Mfanyakazi wa mkandarasi anayekaribia kunyimwa kibali hupewa barua ya sababu, kipengele kwa kipengele, na ana siku 20 za kuijibu kwa maandishi. Anaweza kuomba asikilizwe na jaji wa ofisi ya rufaa ya Wizara ya Ulinzi, alete mashahidi na nyaraka. Hukumu za ofisi hiyo huchapishwa bila majina ya waombaji na yeyote anaweza kuzisoma bure. Jioni moja ya kuzisoma itakufaa kuliko mwaka mzima wa ushauri wa kundini.

Kabla hujaketi kujaza, piga simu nyumbani. Uliza majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, maana baba anayeitwa Mwakio kijijini huenda kwenye cheti ni jina jingine kabisa, na tofauti hiyo ielezwe kwenye nafasi ya maelezo ya ziada. Mama asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa asikutie hofu: fomu ina kisanduku cha kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukadiria. Wasiokuwa na namba ya nyumba wala jina la mtaa waandikwe kwa kijiji, kata na sanduku la posta. Na tarehe za safari zako za likizo zisome kwenye mihuri ya pasipoti, ile ile uliyoshauriwa kuichoma.